Vitamini C na tando za ndani ya mwili: inasaidia nini hasa, na inasingiziwa nini?

Mleta uzi

Ndugu wana jukwaa,

Kila mafua yanapopamba moto mijini, dai moja hurudi katika mijadala yetu: kwamba vitamini C "huongeza ute", na kwa hiyo mwenye pua kavu, koo linalowasha au vidonda mdomoni anywe vidonge vya miligramu 1000 asubuhi na jioni. Dai hilo lina chembe ya ukweli, ila chembe yenyewe imewekwa mahali pasipo pake. Vitamini C haitengenezi ute. Kazi yake ni kushikilia kile kilicho chini ya ute, na kiasi kinachohitajika kwa kazi hiyo ni kidogo mno kuliko kile tunachouziwa. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Utando wa ute ni ngozi laini na nyevu inayofunika kwa ndani njia za mwili zinazofunguka nje: kinywa, pua, koo, njia za hewa, tumbo, utumbo, kibofu, uke, na hata upande wa ndani wa kope. Ukiutazama kwa hadubini utaona tabaka la juu la seli zilizobanana, baadhi yake zikiwa ndizo zinazotoa ute, na chini yake tabaka la nyuzi lililojaa mishipa ya damu midogo isiyoonekana kwa macho. Tabaka la juu linaitegemea sana vitamini A. Mtoto akiikosa, seli za utando wa macho yake hukauka na kuwa ngumu, na hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano kupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Vitamini C kazi yake kubwa iko katika tabaka la chini, penye nyuzi na mishipa. Wanaosema kuwa inaongeza ute wameipa C sifa ambayo kwa sehemu kubwa ni ya A.

Nyuzi ninazozitaja ni za kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Kila unyuzi ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba ya makumbi, na msokoto huo haukazi mpaka vimeng'enya maalumu vibadilishe kidogo sehemu fulani za minyororo, hasa penye asidi amino mbili ziitwazo prolini na lisini. Vimeng'enya hivyo vina madini ya chuma ndani yake. Chuma hicho hupoteza mara kwa mara hali yake ya kufanyia kazi, na vitamini C ndiyo inayokirudisha. Vitamini ikikosekana, mwili huendelea kutoa minyororo, lakini msokoto wake hulegea katika joto la kawaida la mwili. Kuta za mishipa midogo hukosa mhimili, damu huvuja chini ya utando, na kidonda hakifungi.

Upungufu huo ukikomaa ndio ugonjwa wa kiseyeye. Mgonjwa huchoka bila sababu, huumwa miguu, hutoka madoa ya damu kwenye vishimo vya vinyweleo, kisha fizi zake huvimba, hugeuka rangi ya zambarau, huvuja damu na meno hulegea. Kwa nini fizi zitangulie kuonyesha, wakati kolajeni iko kila mahali? Kwa sababu nyuzi zinazolishika jino hubomolewa na kujengwa upya kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingi za mwili, na pia kwa sababu fizi husukumwa na kila tonge linalotafunwa huku bakteria wakiwa wamejaa pembeni mwa meno. Madaktari wameona tangu zamani kwamba mgonjwa wa kiseyeye asiye na meno hata moja kwa kawaida hapati uvimbe huo wa fizi. Kwangu mimi, jambo hili linafundisha kuliko orodha yoyote ya dalili: upungufu hudhoofisha tando zote, lakini utando unaoumia kwanza ni ule wenye kazi nzito na maadui wa karibu.

Pwani yetu imo katika historia ya ugonjwa huu. Mabaharia wa Vasco da Gama waliugua sana mwanzoni mwa mwaka 1498 walipokuwa kwenye mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo. Mikono na miguu ilivimba, na fizi zikakua juu ya meno hata wakashindwa kula. Mwezi wa Aprili walifika Mombasa, wakaletewa kondoo, machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wakapata nafuu. Mwandishi wa kumbukumbu za safari hiyo alitoa sifa kwa hewa nzuri ya Mombasa! Waliporudi kutoka India walikaa baharini takriban miezi mitatu, wakafa watu wapatao thelathini katika kuvuka huko peke yake, na mwezi wa Januari 1499 walipotia nanga Malindi wagonjwa walikuwa wanayatamani machungwa, wakaletewa. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, hivyo siku chache baadaye merikebu ya São Rafael ilichomwa moto karibu na pwani ya Tanga.

Jaribio la James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, la mwaka 1747 linajulikana sana, kwa hiyo nalitaja kwa kifupi: mabaharia wagonjwa kumi na wawili waligawanywa wawili wawili, na wale waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio waliopona upesi kuliko wote. Navutiwa zaidi na John Crandon, daktari wa upasuaji mjini Boston, ambaye mwaka 1939 aliamua kula chakula kisicho na vitamini C ili ajipime mwenyewe. Baada ya miezi mitatu alipasuliwa jeraha mgongoni, likapona kama kawaida. Baada ya miezi sita alipasuliwa jingine. Juu ya ngozi palionekana pamefunga, lakini kwa ndani hapakuwa na uponyaji mpaka alipopewa vitamini C. Tuangalie urefu wa muda huo. Mwili wa mtu mzima aliyeshiba vizuri una akiba ya takriban miligramu 1500, na dalili huanza akiba ikishuka chini ya miligramu 300 au zaidi kidogo. Asiyekula tunda kwa wiki moja hana kiseyeye. Anayekula ugali, maharage na chai peke yake kwa miezi mitatu yuko njiani.

Kiasi gani kinatosha? Katika majaribio yaliyofanywa Sheffield, Uingereza, miaka ya 1940, miligramu 10 kwa siku zilitosha kuzuia na hata kuponya kiseyeye. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, nacho hakiachi akiba. Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani wanasema 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, na mvutaji wa sigara aongeze 35, kwa kuwa moshi huiteketeza vitamini hiyo. Pera moja la wastani linavuka viwango vyote hivyo. Gramu 100 za pera huwa na zaidi ya miligramu 200, za papai kama 60, za chungwa kama 50, za embe kama 35. Bibo la korosho, ambalo watu wa Mtwara na Lindi huliacha lioze chini ya mti au huligeuza pombe, linalishinda chungwa mara kadhaa.

Tatizo letu kubwa liko jikoni. Vitamini C huyeyuka katika maji, huharibiwa na joto, hewa na shaba, na huharibika haraka zaidi mchuzi unapokuwa na magadi. Mchicha uliokatwakatwa, ukaoshwa baada ya kukatwa, ukachemshwa kwa magadi na maji yake kumwagwa, una madini bado, na vitamini A kwa kiasi kizuri, lakini C yake kwa sehemu kubwa imekwenda na maji. Mboga za majani zilizoanikwa juani zina hali hiyohiyo. Sukuma wiki iliyokaangwa kwa muda mfupi hubaki na sehemu nzuri, na kachumbari ya nyanya, pilipili hoho na ndimu haipotezi kitu cha kutisha ikiliwa mara tu baada ya kukatwa. Kisamvu nakiweka kando kwa makusudi. Kibichi kina vitamini C nyingi sana, lakini kina pia sumu ya sayanidi, kwa hiyo lazima kitwangwe na kuchemshwa sana. Asije mtu akapunguza muda wa kukipika kwa ajili ya uzi huu.

Nakaribisha maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, ahsante kwa maelezo. Mimi fizi zangu hutoka damu kila nikipiga mswaki, na kila siku nakula chungwa. Kwa maelezo yako sina upungufu. Sasa damu inatoka wapi?

Mleta uzi

Ndugu, swali lako limenipa nafasi ya kusema jambo ambalo nilipaswa kulitilia mkazo zaidi. Katika watu wengi wanaotoka damu kwenye fizi, chanzo ni ukoga unaokaa kwenye shina la jino, ambao ukiachwa hugeuka ugaga mgumu usioondoka kwa mswaki. Bakteria waliomo huichokoza fizi, fizi huvimba na kutoa damu. Hapo vitamini C haiwezi kuchukua nafasi ya kusafishwa meno. Wengine hukosea zaidi kwa kuacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu, na hapo ndipo ukoga unapozidi. Muone daktari wa meno. Ikiwa pamoja na fizi una michubuko inayotokea bila kugongwa, damu za pua za mara kwa mara au homa isiyoisha, nenda hospitali upimwe damu, kwa kuwa upungufu wa chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, na hata saratani ya damu huweza kujionyesha kupitia fizi. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo huleta hali hiyo, na wajawazito wengi huvimba fizi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni.

Mchangiaji wa pili

Mimi nina vidonda vya tumbo na nimeshauriwa na jirani ninywe maji ya ndimu asubuhi kabla ya kula, kwa hoja kwamba vitamini C hujenga utando wa tumbo. Wengine wanasema ukwaju ni bora zaidi kwa kuwa ni mchachu zaidi. Naomba ufafanuzi.

Mleta uzi

Nianze na ukwaju kwa kuwa ni rahisi. Uchachu haupimi vitamini C. Ukwaju ni mchachu kwa sababu ya asidi tartariki, na vitamini C yake haifiki hata miligramu 5 katika gramu 100. Siki ni chachu na haina kabisa. Ubuyu una uchachu na una vitamini C pia, mara nyingi zaidi ya chungwa, ingawa kiasi hutofautiana sana kutoka mti hadi mti. Lakini ule wa rangi nyekundu unaopikwa kwa sukari umepitia moto, na sukari inayoganda kwenye meno ni hasara nyingine.

Kuhusu tumbo, jirani yako hakubuni kila kitu. Ni kweli kwamba majimaji ya tumbo la mtu mwenye afya yana vitamini C nyingi kuliko iliyomo kwenye damu, na kwamba huko huzuia kutengenezwa kwa kemikali fulani zinazotokana na naitraiti ambazo huhusishwa na saratani. Ni kweli pia kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ni chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo, hupunguza vitamini C hiyo. Lakini tazama mtiririko: bakteria ndiye anayeanza. Anayetibiwa kwa viuavijasumu pamoja na dawa ya kupunguza asidi huondolewa chanzo. Anayekunywa ndimu huku bakteria yupo anaumwagia asidi utando uliochubuka, akisubiri kolajeni ijengwe chini ya kidonda ambacho hakijaachwa kipumzike. Pata kipimo cha bakteria huyo, maliza dawa zako zote, na vitamini C yako itafute kwenye papai au pera lililoiva, ambayo hayana ukali wa ndimu.

Vidonda vidogo vya mdomoni vinavyokuja na kuondoka vina mashaka yake pia. Watu huvikimbilia kwa vidonge vya C vya kumung'unya, na vidonge hivyo vikikaa shavuni huunguza utando na kula gamba la nje la jino. Kwa wale vinaowarudia kila mara, inafaa zaidi kuchunguza upungufu wa chuma, foleti na vitamini B12.

Mchangiaji wa tatu

Niko Kenya. Ninaposoma habari za Vasco da Gama na Lind napata hisia kwamba kiseyeye ni historia. Je, bado kuna watu wanaokiugua katika eneo letu, au tunajadili makumbusho?

Mleta uzi

Bado wapo, na nchini kwako. Kati ya mwaka 2017 na 2018 kiseyeye kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana. Waliougua walikuwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini, wengine wakiwa bado kwenye umri wa kubalehe. Walilalamikia maumivu ya miguu, hasa kwenye mashavu ya miguu, na kuvimba fizi, na walipopewa vitamini C walipona. Chakula cha msaada kwa kawaida ni nafaka, kunde na mafuta, vitu vinavyojaza tumbo na kukaa ghalani muda mrefu, ila havina vitamini C ya kutegemewa. Miaka ya 1980 kiseyeye kiliripotiwa pia katika kambi za wakimbizi wa Kiethiopia huko Somalia na Sudan. Mimi naona ni aibu kwamba ugonjwa unaotibika kwa tunda uliwapata watu waliokuwa wanahesabiwa na kupimiwa chakula chao, ingawa najua kusafirisha mboga mbichi mpaka Turkana si kazi nyepesi.

Nje ya kambi, wanaostahili kuangaliwa ni wazee wanaoishi peke yao, walevi wa kupindukia, wafungwa, wanafunzi wa bweni wanaokula ugali na maharage muhula mzima, na watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya wanyama yaliyochemshwa tu. Maziwa ya mama aliyekula vizuri yana vitamini C ya kutosha. Ya ng'ombe yana kidogo, na yakichemshwa hupungua zaidi. Thomas Barlow wa London alieleza kiseyeye cha watoto mwaka 1883, wakati ambapo familia zenye uwezo zilikuwa zimegeukia maziwa ya kopo.

Mchangiaji wa nne

Tumeelewa kuhusu fizi na tumbo. Umeanza kwa kutaja mafua, lakini hujayarudia. Je, tuache vidonge vya kuyeyusha kwenye maji? Mke wangu ni mjamzito, ana upungufu wa damu, na mimi mwenyewe huvinywa kila siku kwa ajili ya mafua.

Mleta uzi

Ni kweli, nilidaiwa jibu hilo. Utando wa pua na wa njia za hewa una vitamini C katika unyevu wake wa juu, na chembe nyeupe za damu zinazoulinda huikusanya kwa wingi, hata mara 50 au zaidi ya kiwango kilichomo kwenye damu. Kutokana na hayo watu hudhani kwamba ukiongeza dozi, mafua hayaingii. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya majaribio mengi, haukuliona hilo kwa watu wa kawaida: wanaokunywa kila siku hupata mafua mara zilezile. Yanapowapata, muda wake hupungua kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto, yaani kama nusu siku katika mafua ya wiki moja kwa mtu mzima. Wanaoanza kunywa baada ya kuanza kupiga chafya hawakuonyesha faida ya kutegemewa. Kundi lililonufaika wazi ni watu walio katika shida kubwa ya mwili kwa muda mfupi, kama wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi katika mazoezi kwenye baridi kali. Kwao idadi ya waliougua ilipungua kwa karibu nusu.

Kidonge chako cha miligramu 1000 utumbo hukifyonza nusu hivi, na sehemu kubwa ya kilichofyonzwa hutoka kwa mkojo, kwa sababu damu ikishafika kiwango chake, na hufika kwa miligramu 200 hadi 400 kwa siku, figo humwaga ziada. Ukipita 2000 unaweza kuanza kuharisha. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aviepuke vidonge hivyo kabisa, kwa kuwa sehemu ya vitamini C hugeuka oksaleti mwilini, nayo ni kiungo cha mawe mengi ya figo. Na wale wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi katika maeneo yenye malaria kama yetu, wasikubali kutundikiwa dripu za vitamini C za kung'arisha ngozi zinazotangazwa mitandaoni, kwa kuwa dozi kubwa huweza kuzivunja chembe zao nyekundu za damu.

Kwa mkeo habari ni tofauti, na hapa C ina faida ya kweli kwenye utumbo. Chuma kilichomo katika maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida; vitamini C ikiwemo katika mlo uleule, ufyonzaji wake huweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Lakini lazima viliwe pamoja. Chungwa la saa kumi jioni halisaidii maharage ya saa saba mchana. Ale kipande cha papai au kachumbari yenye ndimu papo hapo kwenye sahani, asogeze chai ya rangi mbali na mlo kwa saa moja au mbili, kwa kuwa tanini zake hukishika chuma kisifyonzwe, na aendelee na vidonge vya chuma na foliki asidi alivyopewa kliniki bila kuruka siku.